Walinipandia duranta kivulini, kisha nikaambiwa najua sana

“Mama, hii inamea popote.” Muuza miche akikwambia hivyo, funga mkoba upande matatu urudi kwako.

Mwenye kitalu hiki cha kando ya Barabara ya Ngong nilimweleza kila kitu. Tuta liko upande wa kusini wa nyumba, limebanwa kati ya ukuta na ua, jua hakuna, nami nataka vichaka vya kijani visivyopukutisha majani. Hata picha alionyeshwa. Akanichagulia duranta, ile ya majani ya manjano iliyozungushwa kila ofisi hapa mjini, na kunitoza pesa za vijana wake waje kupanda.

Duranta inapenda jua! Ukiinyima, umanjano unapotea, matawi yanarefuka kutafuta mwanga na majani yanakuwa ya kuhesabika. Baridi ya mwezi wa saba ilipoingia, yangu ilikuwa imebaki fito.

Nikang'oa mmoja. Ulitoka na karatasi yake! Karatasi nyeusi ya kitaluni, imechanwa kidogo tu kitakoni, mizizi imejizungusha humo ndani kama tambi. Chini yake vipande vya saruji na mawe ya mjengo ambayo hakuna aliyejisumbua kuyatoa. Juu, paa limechomoza, kwa hiyo masika yote yalimwagika mbele ya tuta na udongo wa ukutani ukabaki vumbi. Mtu anayelipwa kupanda haoni hayo?

Nikaubeba mche na karatasi yake nikampelekea. Alikuwa anakunywa chai, na hakusimama. “Mama, mimi nauza miti, siuzi jua.” Wateja wakacheka. Nikamwonyesha karatasi, akasema wale ni vijana wa kibarua, nimtafute aliyenipandia. Nimtafute wapi, na pesa iliingia kwenye simu yake yeye? “Na kama unajua sana, si ungepanda mwenyewe?”

Nilikuwa nimeamua kuandika nyota moja na kuishia hapo. Lakini haki ni haki: kijana anayeshika mpira wa maji pale alinifuata mpaka stejini. “Usikasirike, mathe.” Akanieleza kitu ambacho bosi wake ama hakijui ama hakijali: Nairobi iko kusini kidogo tu ya ikweta, kwa hiyo kuanzia mwisho wa Machi hadi Septemba jua linapita kaskazini, na upande wangu unakaa gizani. Baadaye linageuka, na Disemba linapiga ukuta uleule. Kwa hiyo mti wa pale uvumilie yote mawili. Akanipa vipande vya shina la drasena, ile ya majani marefu mapana inayoota yenyewe chini ya miti mikubwa huko misituni. Viache kivulini kidonda kikauke, akasema, toa mawe, changanya samadi, uchomeke mbali kidogo na ukuta, na umwagilie hata kama mvua inanyesha.

Vimeshika. Vimetoa majani ya kung'aa na ncha hazijaungua sana. Jirani yangu wa Moshi alipoviona akacheka: kumbe ni masale, kwao Uchagani mtu aliyekukosea hukuletea jani lake kuomba msamaha. Sasa aliyenikosea yuko na chai yake, na aliyeniletea sale hakuwa na kosa lolote.

Basi nyota mbili. Tatu, kama kijana ndiye angekuwa bosi. Hapana, mbili, maana nikikumbuka kile kicheko damu inachemka. Miche yao ina afya, hilo siwanyimi, na nikihitaji zaidi huenda nikarudi, lakini nitapita nyuma kwenye mpira wa maji, na karatasi itavuliwa mbele ya macho yangu. Ile pesa ya kupanda hajarudisha hadi leo.