Omeprazoli niliitukana bure, ingawa si bure kabisa

Kilichonichoma kuliko kiungulia chenyewe ni maneno ya muuzaji. Nilisimama dirishani kwenye duka la dawa nikauliza: hizi kapsuli za omeprazoli nameza kabla ya kula au baada? Hata hakuinua macho kwenye simu yake. "Imeandikwa hapo." Nikauliza tena. Akapaza sauti foleni nzima isikie: "Mama, kama hujui kusoma, njoo na mwanao." Watu wakacheka. Nikaondoka.

Kwenye bahasha paliandikwa 1×1 kwa kalamu ya bluu, yaani kimoja mara moja kwa siku, basi.

Nikawa nameza usiku baada ya chakula, na siku ambayo kifua kimetulia naruka. Wiki zikapita, moto uleule. Nikijilaza tu, tindikali inapanda hadi kooni, naamka mdomo mchachu, nakaa nimeegemea ukuta mpaka kunakucha. Nikaapa kwamba dawa hii ni unga mtupu.

Nikarudia antasidi ya maji, dawa ya kupoza asidi ya tumbo, ile nyeupe ya kutikisa chupa. Hiyo haikawii: dakika chache kifua kimepoa. Lakini haidumu, saa moja au mbili moto umerudi, na ile yenye magnesiamu ikaniharisha. Nikahamia ya alumini, nikafunga choo! Famotidini, kidonge kingine cha kupunguza asidi, ilinifaa zaidi usiku. Inachukua kama saa moja kushika, ila inakufikisha asubuhi. Nilipoimeza kila siku kwa wiki mbili tatu, nguvu yake ikapungua.

Mfamasia mwingine, dada mtulivu, ndiye aliyeniketisha akanieleza. Omeprazoli haizimi asidi iliyokwisha kumwagika tumboni. Inafunga pampu zinazoitoa, na pampu hizo huamshwa na chakula. Kwa hiyo imeze nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula, kila siku bila kuruka, usitafune chembechembe zake, na uipe siku kadhaa. Kama siku ya nne hivi nililala chali usiku kucha. Nilipoamka nikalia.

Basi ningesema hii ndiyo namba moja, hakuna nyingine. Lakini baada ya miezi kadhaa niliiacha ghafla, na kiungulia kikarudi kwa kishindo, kibaya kuliko mwanzo. Kumbe tumbo lililozuiwa muda mrefu, likiachiwa, hutoa asidi kwa wingi kupita kiasi kwa muda. Hilo nalo sikuambiwa na mtu! Sasa naipunguza taratibu kwa maelekezo ya daktari, na antasidi ninayo kando ya kitanda kwa usiku mbaya. Siku hizi sijui hata niipende au niichukie.

Yule wa dirishani sijamsamehe. Bahasha yake bado ninayo. Chini ya ile 1×1 kuna nafasi nyeupe tele ya kuandika maneno matatu: kabla ya kula.