High West Campfire: wiski ya Marekani yenye moshi

Kwa wale wapenzi wa moshi kwenye glasi, hii Campfire ya High West, kampuni ya kule Utah, Marekani, ijaribuni jamani. Wamechanganya bourbon (wiski ya Marekani ya mahindi), rye (wiski ya nafaka ya rai, inayofanana na ngano) na Scotch, yaani wiski ya Uskoti, na moshi unatoka kwa hiyo Scotch, maana ndani yake kuna shayiri inayokaushwa kwa moshi wa piti, ule udongo wa kinamasi unaochimbwa na kuchomwa kama kuni. Wamarekani kuweka Scotch ndani ya wiski yao si jambo la kila siku, na mimi nawapongeza kabisa.

Ukinusa unapata asali na vanila kwanza, ukimeza ndo ukali wa rye unakuja kama pilipili manga, halafu moshi unajitokeza taratibu huku nyuma ya ulimi na unakaa muda mrefu, yaani hata ukishaweka glasi chini bado upo. Kilevi asilimia 46, kwa hiyo weka matone machache ya maji, utamu unafunguka, ila barafu hapana, inaua ule moshi. Waliozoea Laphroaig, ile Scotch yenye moshi mkali sana, wataona moshi ni mdogo, ila mi naona umepimwa vizuri sana. Na nyama choma ndo usiseme.