Bima kubwa nimelipia, naambiwa dereva "hayumo"

Kama una bima kubwa na gari lako huendeshwa pia na mumeo, mdogo wako au kijana wa kumwagiza, soma hili kabla hujakutana na yule kijana wa dirisha la madai.

Gari ni IST yangu ya kutembelea. Mwaka jana niliachana na bima ndogo, maana ile inamlipa uliyemgonga, gari lako unalia nalo mwenyewe. Nikalipia kubwa, asilimia 3.5 ya thamani ya gari na VAT juu yake. Kwangu hiyo si hela ndogo. Wakala alinifuata dukani kwangu Kimara, mtu mchangamfu, akawa ananiuliza huku anajaza fomu yeye. Alipofika kwenye nani ataendesha, nikamtajia watu watatu: mimi, mume wangu na mdogo wangu wa kiume. Akasema, "Dada, usiwe na wasiwasi, kubwa inabeba wote." Nikasaini, gari likapigwa picha, stika nikaihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, ikasoma. Kitabu cha masharti nikaambiwa kitaletwa. Hakikuletwa.

Sasa juzijuzi mdogo wangu alimpeleka mama kliniki Mloganzila. Wakati wa kurudi, daladala ikasimama ghafla mbele yake kushusha abiria, akaivaa kwa nyuma. Boneti ikakunjika, taa moja ikaenda, rejeta ikaanza kuvuja. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Trafiki wakaja, ramani ikachorwa, gari likakaguliwa, ripoti ya polisi nikaifuatilia mpaka nikaipata. Nikaenda ofisini kwa kampuni ya bima nikiwa na kila karatasi.

Yule kijana hata kuniamkia hakuniamkia, na mimi umri wangu ni wa shikamoo. Akapekua karatasi, akanigeuzia ile fomu, akaweka ncha ya peni kwenye kisanduku cha madereva. Jina moja tu, langu, kwa mwandiko wa wakala na wino wa bluu, na mistari ya chini yake imeachwa mitupu. "Mama, aliyeendesha hayumo. Hapa hamna madai." Nikamwambia majina nilitaja matatu. Akanijibu macho yakiwa kwenye simu yake, "Kwani ulilazimishwa kusaini?" Watu wote kwenye foleni wakasikia.

Nikaomba kitabu cha masharti. Akasema kiko kwa wakala. Nampigia wakala, anasema kiko ofisini. Jamani! Mtu amelipia mkataba mwaka mzima, na mkataba wenyewe hakuna anayejua ulipo. Mama mmoja wa mapokezi ndiye aliyeniita pembeni, akanitolea nakala.

Nikasoma nikiwa nimesimama palepale. Analindwa mwenye bima, na mtu yeyote anayeendesha kwa agizo au ruhusa yake, mradi awe na leseni halali ya daraja la gari hilo. Hakuna mstari unaosema lazima jina lake liwe kwenye fomu. Mdogo wangu leseni yake ni hai na daraja D limo. Kwa hiyo yule kijana ama hajui kazi yake, ama anaijua vizuri sana. Nawaza ni wangapi wamegeuziwa pale dirishani, wakaenda kumlipa fundi kwa hela ya ada za watoto.

Nikaenda kwa meneja na kile kitabu. Nikamwambia asipolitatua, nikitoka hapo naenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Akasoma kile kipengele, akaomba radhi, madai yakafunguliwa.

Na haki yao niwape. Kuanzia hapo kazi ilikwenda. Mkaguzi wa hasara alikuja haraka, gereji waliyonipeleka ni ya watu makini, na rangi ya boneti huwezi kuitofautisha na ya ubavuni. Walinikata kiasi cha ziada nichangie mwenyewe kwa sababu leseni ya mdogo wangu haijafikisha miaka miwili. Hilo sigombani nalo, limo kwenye kitabu, ingawa wakala alipaswa kunieleza siku ileile nilipomtaja.

Kwa matengenezo nilitaka kuwapa nyota nne. Lakini hapa ninapoandika namsikia tena, "Kwani ulilazimishwa?", mbele ya watu wazima wenzangu. Hapana. Mbili, na moja kati ya hizo ni ya yule mama wa mapokezi.

Bima inakaribia kuisha na wakala ameanza kupiga simu. Nimemwambia aje na fomu tupu pamoja na kitabu cha masharti. Majina yote matatu nitayaandika mimi, na mbele ya kila jina tarehe leseni ilipotolewa. Akija mikono mitupu, nahamia kampuni nyingine.