Niliuziwa alovera isiyo alovera, na hata pole sikupewa

Naandika hapa hasira bado ninazo ingawa jambo lenyewe la muda kidogo, kiangazi cha mwaka jana au cha kabla yake, sikumbuki vizuri, nachokumbuka ni kwamba mgao wa maji ulikuwa umekaza mtaani kwetu, unaamka saa nane za usiku kukinga madumu. Kwahiyo mtaniwia radhi nikienda mbele nikarudi nyuma.

Nipo Dodoma ila kwetu ni Muheza, Tanga, nimekuja huku kwa kazi. Nyumba tuliyohamia uwanja wake ulikuwa mtupu kabisa, udongo mwekundu, na upepo wa mwezi wa nane ukianza vumbi linaingia mpaka kwenye kabati la vyombo. Wanaoijua Dodoma wananielewa, mvua ya hapa ni msimu mmoja tu, inaanza kama Desemba inakatika Aprili, kwa mwaka mzima haizidi sana milimita 570, miezi inayobaki ni jua na upepo. Ukoka niliopanda ulikauka wote, maua ya kopo yakafa moja moja, nikasema basi, napanda vitu vya jangwani visivyodai maji, na cha kwanza kunijia kichwani ni alovera maana hiyo unaipanda na unaitumia. Kwetu Tanga shubiri, ndo jina letu la alovera, ni kitu cha nyumbani, mdogo wangu wa mwisho aliachishwa ziwa nayo, mama akipaka kidogo tu kwenye chuchu mtoto akionja anageuza uso, siku tatu kaacha.

Nikaenda kwenye kitalu kimoja cha barabarani, sikitaji. Miche imepangwa vizuri, imemwagiliwa, unavutiwa. Kijana wa pale mchangamfu kweli, “karibu mama, karibu bosi”. Nikamwambia nataka alovera ile ya kutumia. Akanionyesha miche ya majani mapana ya kijani ya kama bluu hivi, imejaa kwenye viriba, kila mche elfu sita. Pembeni kulikuwa na midogo yenye madoadoa meupe, nikauliza na hii je? Akasema hiyo ya mchezo mama, alovera yenyewe ndo hii, ya kizungu, ndo wanayotengenezea lotion. Nikanunua kumi. Elfu sitini. Na bajaji elfu tano juu.

Wakati wa kushusha kwenye bajaji ncha ya jani moja ilinipasua kitenge. Mwiba mweusi mgumu kama sindano ya kushonea magunia. Nilimpigia simu palepale, maana alinipa namba, nikamuuliza mbona hii ina mwiba, akanijibu bila hata kusita, “mama hiyo ni mbegu ya jangwani, lazima iwe na miba.” Na mimi nikaamini. Mtu akikujibu haraka na kwa uhakika unaona anajua kazi yake.

Sasa hapa lazima niwe mkweli, ile mimea ilinifurahisha sana mwanzoni. Nilichimba mashimo, nikachanganya mchanga na kokoto kidogo na samadi iliyooza, nikamwagilia siku ya kwanza na baada ya wiki mbili, halafu nikaiacha. Jua la Oktoba la hapa unalijua, bati linalia, na yenyewe imesimama tu. Hakuna jani lililonywea. Baadaye nilikuja kusoma kwamba mimea ya namna hii mchana inafunga vitundu vya majani yake, inavifungua usiku kukiwa na ubaridi ndo ivute hewa, hivyo maji hayapotei. Nilikuwa nikitoka nje alfajiri kukinga maji naipitia naishika majani, yamejaa, yamekaza, nafurahi. Mbuzi wa mtaani wanaokula hata kanga kwenye kamba walikuwa wanaikwepa. Kama ningeandika wakati ule ningempa yule kijana nyota zote.

Basi usiku mmoja umeme ulikatika, binti yangu wa miaka sita akainua mfuniko wa sufuria ya wali, mvuke ukamuunguza mkono, hapa juu ya kiganja mpaka karibu na kiwiko. Si kuungua kwa kutisha ila mtoto alilia. Nikatoka na tochi ya simu na kisu, nikakata jani, likawa gumu kukatika, nikalivuta kwa nguvu, nikarudi ndani nikalipasua nikampaka ule ute wake mkono mzima, nikampaka tena mara ya pili, nikamwambia tulia mama, sasa hivi itapoa.

Haikupoa. Alianza kupiga kelele upya, na safari hii si kelele za kuungua, anajikuna, anarusha mkono, “mama inaniwasha, mama toa!” Na mimi badala ya kutoa nikaongeza, nikidhani ndo dawa inafanya kazi. Nikikumbuka hapo naishiwa nguvu. Vidole vyangu navyo vikaanza kuwasha, katikati ya vidole kule, ndo nikashtuka nikamkimbiza bafuni nikammwagia maji ya dumu, dumu zima la lita ishirini usiku ule na mgao ule. Mpaka asubuhi mkono umevimba una vipele vyekundu, na pale alipoungua pamechimbika zaidi.

Zahanati tukakuta nesi mama mtu mzima, akanisema kwa upole lakini akanisema: mtoto akiungua ni maji ya kawaida yanayotiririka, dakika 20, usipake kitu chochote, si alovera, si dawa ya meno, si asali, halafu mlete. Nimelishika hilo na ninamwambia kila mtu. Hilo kosa ni langu na silikwepi.

Turudi kwenye jani. Asubuhi ile ile kabla hatujatoka, lile jani nililolikata usiku lilikuwa bado pale kwenye meza ya jikoni, limepasuka, na kwenye ule mpasuko zinaning'inia nyuzi. Nyeupe, ndefu, ngumu. Nikashika moja nikaivuta ikatoka urefu wa jani zima. Jamani, mimi ni mjukuu wa mkata mkonge. Babu yangu alikata mkonge mpaka mgongo ukapinda, nyumbani kwetu kulikuwa na kamba za singa, yaani nyuzi za mkonge, mikoba ya singa, mikeka ya singa, tulikuwa tunacheza karibu na korona, ile mashine ya kusaga mkonge, tukisikia harufu ya majani yanayosagwa. Singa siwezi kuisahau nikiwa hai. Hii ilikuwa singa. Ndugu yake mkonge kabisa, ule mpana wenye meno pembeni unaopandwa kwa urembo, na mkonge ni agave, si alovera hata kidogo, na wala si ukoo mmoja wa karibu. Mkonge wenyewe uliletwa kwetu na Wajerumani kutoka Marekani mwaka 1893, ukaanzia huko huko Pangani, wakati alovera asili yake ni Uarabuni. Alovera ukilivunja jani linakatika kama tango, juu kuna utomvu wa njano mchungu unaotakiwa uuache uchuruzike, ndani ute mweupe unaoonekana kama maji. Nyuzi hakuna. Ncha yake ukiigusa inakunja, haikuchomi. Na utomvu wa agave una chembe ndogo sana kama sindano, ndo zinazochoma ngozi, sasa fikiria ngozi ya mtoto iliyokwisha kuungua.

Babu alikuwa akirudi shambani mikono imemuwasha, bibi anamsugua na mafuta ya nazi. Nimeyaona hayo kwa macho yangu na bado sikuutambua. Mkonge wetu wa shambani jani lake limenyooka kama upanga na pembeni ni laini, hauna meno, na mche mdogo wa huu wa meno unafanana na alovera kweli. Ila mimi si muuza miche. Yeye ndo muuza miche.

Nikaenda. Nilikunja jani kwenye gazeti, nikaenda na mtoto mwenyewe mkono umefungwa bendeji, si kwa ugomvi, wallahi sikwenda kwa ugomvi, nilitaka ajue ili asimuuzie mtu mwingine. Kijana yuleyule, kakaa kwenye kreti, anachezea simu. Nikamsalimia, nikamweleza, nikafungua gazeti, nikavuta uzi mbele yake. Hakuinua kichwa. Akasema, “Mama, umeuziwa mche, hujauziwa dawa.” Nikamwambia lakini wewe ndo uliniambia hii ndo ya kutumia. Akasema, “Kila mtu anaitumia, wewe peke yako ndo imekuwasha.” Kulikuwa na wateja wawili wamesimama, ndo akainuka, akanijia karibu akasema kwa sauti ya chini, “Usiniharibie biashara, kama huna cha kununua pisha.”

Binti yangu kasimama pale. Mkono una bendeji. Anamwangalia.

Hela sikuidai. Sikuitaja kabisa elfu sitini. Lakini pole? Sisi tunampa pole mtu aliyejikwaa barabarani, hatumjui, kapita tu. Tunampa pole anayetoka kazini. Mtoto amesimama mbele yako na bendeji kwa kitu ulichouza wewe, unashindwa kusema “pole mdogo wangu”? Neno moja. Lingekwisha palepale, ningekunja gazeti langu nikaondoka, na huenda leo ningekuwa nawaambia nendeni kwake ila muwe makini. Kukosea jina la mmea watu wengi wanakosea, pengine na yeye aliuziwa hivyohivyo na aliyemuuzia. Nilishaanza kumwonea huruma njiani kabla sijafika. Yeye ndo aliyeniondolea ile huruma.

Nilirudi nimepania kung'oa zote. Nikachukua chepe. Jirani yangu, bibi mmoja wa Kigogo, akaniona napambana na mizizi akanisalimia, “mbukwa”, akaja akauliza unang'oa nini wakati ndo kitu pekee cha kijani humu? Nikamweleza huku nalia. Bibi akachukua kipande cha jani akakivunja, akaangalia nyuzi, akacheka kidogo akasema huu ni wa ua, mwanangu, panda kule nyuma mbuzi wasipite. Halafu akaingia kwake akatoka na mche wa shubiri wa porini anaowawekea kuku kwenye maji kideri kikiingia mtaani (mimi kuku wangu nawapa chanjo, ya matone, lakini sikumbishia). Yeye kabla ya kufanya lolote alimwambia mwanangu pole, akamshika ule mkono usio na bendeji.

Basi nilizihamisha zote kumi kwenye mpaka wa nyuma, nikazikata ncha za miba kwa mkasi kwa ajili ya watoto. Hazikufa hata moja. Zilikaa siku nne mizizi nje kwenye kivuli nikiwa sina nguvu ya kuchimba, na bado zikashika. Sasa hivi zina machipukizi pembeni, zimefika kiunoni kwangu, ua limefunga, mbuzi hawapiti. Kiukweli kama unataka ua kwenye ukame sijaona kinachoishinda. Alovera halisi nilipewa na mfanyakazi mwenzangu, ile ile ya madoadoa meupe iliyoitwa ya mchezo, ninayo mitatu mlangoni, nayo mizuri lakini ni laini zaidi, masika yaliyopita mmoja uliozea kwa sababu maji yalituama, ikabidi niuinue niuache ukauke kidonda ndo nipande upya kwenye tuta.

Kwahiyo nyota ngapi? Mmea nilikuwa nataka kuupa tano, lakini nikiangalia mkono wa binti yangu kuna alama bado, ndogo, rangi yake imetofautiana na ngozi, namvalisha sare ya shule asubuhi naiona. Siwezi kuandika tano. Naupa tatu na mmea hauna kosa. Kitalu hakuna nyota, hata kama miche yao ni mizima na imetunzwa, na imetunzwa kweli.

Na sababu ya kuandika leo ni hii. Majuzi nilikuwa kwenye daladala tukapita pale. Viriba vilevile mbele, majani mapana vilevile, na mama mmoja wa gauni la njano ana mtoto mgongoni ananyanyua mche. Nikashuka kituo kinachofuata nikarudi kwa miguu nikikimbia, nimefika ameshapanda boda ameondoka. Yule kijana akaniangalia akarudi kwenye simu yake.

Mama wa gauni la njano, kama uko humu au kuna anayekujua, kata kipande cha jani ukivute taratibu. Ukiona nyuzi zinatoka, usimpake mtoto. Ipande kwenye ua.