Tahadhari kwa mafundi ujenzi: winchi za umeme za "kilo 1,000" zenye waya wa milimita 4

Kuna muuzaji anayezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp akiuza winchi ndogo za volti 220, hizi za kupandishia zege, tofali na nondo ghorofani. Kibao kinasema kilo 1,000, bei inakaribiana na ile ya winchi ya kilo 500, na anataka nusu ya pesa kwa simu kabla hujauona mzigo. Usitume. Na ukipelekewa hadi saiti, usilipe kabla ya kukagua haya.

Anza na waya. Pima unene kwa kalipa (kipimo cha taya mbili) juu ya migongo ya misokoto, yaani vifungu vya nyuzi vinavyounda waya, si kwenye mabonde yake. Waya wa milimita 4 wa misokoto 6, chuma daraja 1770 (namba ya uimara wa chuma), hukatika kwenye kilo 950 hivi. Kwa kazi ya kuinua unagawanya kwa 5, unabaki na kilo 190. Milimita 5 ni kama kilo 300, milimita 6 ni 420. Hapo waya ni mpya. Ulioanza kutoa miiba au kupondeka hauna hesabu tena, unatupwa.

Sasa ujanja wenyewe. Winchi halali huandikwa 500/1000: namba ndogo ni ya waya mmoja, kubwa ni ya kutumia kapi, ambapo mzigo unashikwa na waya mbili na mwendo na kimo vinakatika nusu, mita 12 zinakuwa 6. Huyu anafuta namba ndogo, anaitoa kapi kwenye boksi, kisha anakuuzia namba kubwa na mita 12 kwa pamoja. Havikai pamoja.

Kibao kinajisema chenyewe ukikipigia hesabu: kilo mara 9.81, mara mita kwa dakika, gawanya kwa 60. Kilo 1,000 kwa mita 10 kwa dakika zinadai wati 1,635, na hujaweka zinazopotea kwenye gia. Mota imeandikwa wati 900. Haiwezekani. Ukilazimisha, mota inaungua, na nyingi zimesukwa kwa alumini iliyopakwa rangi ya shaba: kwangua ncha ya waya kwa kisu, ndani utaona weupe.

Breki ndiyo inayoua watu, kwa hiyo ijaribu mbele ya muuzaji. Ning'iniza kilo 100, pandisha nusu mita, chomoa plagi. Mzigo usimame palepale. Ukiteremka hata polepole, rudisha winchi. Pandisha tena bila mzigo, ndoano ifike juu: lazima limiti swichi, ile ya kuzuia ndoano isipite kikomo, ikate umeme. Kwenye hizi za bandia utakuta mkono wa swichi upo, waya wake haujaunganishwa popote.

Angalia pia ngoma, ile waya unapojizungushia. Kipenyo chake kiwe angalau mara 16 ya unene wa waya, vinginevyo nyuzi zinachoka kwa kukunjwa. Waya ukishushwa mpaka chini, mizunguko 3 ibaki kwenye ngoma, maana kile kiskurubu kinachoshika mwisho wa waya kwenye ngoma hakikuwekwa kubeba mzigo. Dukani waya huzungushwa umelegea. Ukiutumia hivyo, tabaka la juu linazama kati ya la chini na kuuponda. Ushushe wote, uuzungushe upya ukiwa umebeba kilo 25 hadi 50. Kwenye klampu zinazobana mwisho wa waya uliokunjwa, kiti (kipande kinachokalia waya) kikae upande wa waya unaobeba na chuma cha U kikae upande wa mkia, klampu zote 3.

Mtu hapandishwi kwa winchi hizi, hata ile ya halali.

Aliyekwishanunua: piga picha za kibao na kipimo cha waya, tunza risiti ya EFD na meseji za malipo, peleka malalamiko Tume ya Ushindani (FCC). Asiyepewa risiti bado ana meseji za muamala, asizifute.