Uzoefu wangu na taa ya mezani ya udongo: ina kasoro, lakini siitoi

Nianze na kasoro, maana wengi wanaozisifu taa za aina hii huzirukia juu juu. Waya ni mfupi. Kama meza yako iko mbali na ukuta, nunua na ekstensheni kabisa. Swichi imejificha chini ya balbu, ndani ya kofia, kwa hiyo kila ukitaka kuizima unaingiza mkono na kupapasa. Ukiweka balbu ya zamani ile inayopata moto, utaunguza vidole. Weka ya LED. Na ni nzito, usijaribu kuihamisha kwa mkono mmoja.

Ingekuwa ya plastiki, yenye waya huohuo na swichi hiyohiyo, ningekuwa nimeshaigawa. Hii bado ninayo, na ukiniuliza haraka haraka kama ni rahisi kutumia nitakujibu ndiyo, huku najua fika ninavyohangaika na ile swichi.

Sababu ni uzuri wake tu. Kiwiliwili kimefinyangwa kwa mkono, kikapakwa rangi ya kijani inayogeuka kioo ikichomwa. Shingoni bado inaonekana mistari ya vidole vya mfinyanzi, ukipitisha kucha unaihesabu. Karibu na kitako rangi imetiririka, ikanenepa na kuganda kabla ya kufika chini. Ndani ya rangi hiyo kuna wavu wa nyufa nyembamba sana. Usiogope ukiuona, taa haijapasuka. Rangi imenywea kuliko udongo wakati chombo kinapoa, ndipo ikachanika. Kwenye bakuli nyufa hizo zingekuwa tatizo kwa sababu hupitisha majimaji. Kwenye taa ni pambo.

Kinachonifurahisha zaidi ni watu. Mgeni akikaa karibu nayo, mkono wake hutangulia. Anaigusa kwanza shingoni, kisha ndiyo anauliza imetoka wapi. Pale mezani palikuwa jalala la funguo, chaja na karatasi za zamani. Siku hizi ni taa na kitabu, na hakuna aliyepiga marufuku chochote. Si wote waliovutiwa, lakini. Kaka yangu anasema imepinda, na kweli imepinda kidogo ukiitazama kutoka ubavuni. Yeye anataka vitu vilivyonyooka, vya kiwandani, na hoja zangu kuhusu mkono wa fundi hazijamgusa hata kidogo. Sawa, kila mtu na jicho lake.

Hili la kusamehe kitu kwa sababu kinapendeza limeshachunguzwa. Mwaka 1995, watafiti wa Japani Masaaki Kurosu na Kaori Kashimura waliwaonyesha watu mipangilio mbalimbali ya skrini ya mashine ya kutolea pesa. Ile iliyoonekana mizuri ndiyo watu walioiona rahisi kutumia, hata pale ambapo urahisi wenyewe haukutofautiana sana. Noam Tractinsky alirudia jaribio hilo Israeli akitarajia kwamba huko uzuri hautakuwa na nguvu kiasi hicho. Matokeo aliyoyatoa mwaka 1997 yalionyesha uhusiano wenye nguvu zaidi. Kwa hiyo nikisema taa hii ni rahisi kutumia, nipime kwa mizani hiyo.

Huruma hiyo ina mpaka, ingawa mpaka wenyewe uko mbali. Kuna kikamulio cha limau ambacho mbunifu Mfaransa Philippe Starck aliibunia kampuni ya Alessi ya Italia, kikaanza kuuzwa mwaka 1990, kile chenye miguu mitatu mirefu. Kimelaumiwa miaka yote kwamba hakikamui vizuri, na bado kinanunuliwa, hata jumba la makumbusho la MoMA New York linacho. Mimi nisingekinunua. Kikamulio kisichokamua ni sanamu. Taa yangu angalau inaangaza.

Na hapo kwenye kuangaza kuna jambo ambalo muuzaji hakuniambia. Aliniletea taa ikiwa na balbu nyeupe ya kelvini 6500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), inayopiga kwenye ubuluu. Kijani kile chote kikageuka kijivu, kofia ya kitani ikaonekana kama bandeji, nikaanza kufikiria kuirudisha. Nilipoweka ya kelvini 2700, yenye mwanga wa manjano, rangi ikarudi na nyuzi za kitani zikaanza kuonekana moja moja. Soma pakiti ya balbu kabla hujalipa, na kama imeandikwa kiwango cha uonyeshaji rangi (CRI), yaani jinsi mwanga unavyoonyesha rangi halisi za vitu, chukua cha 90 kwenda juu. Wenye kusema taa waliyoletewa haifanani na picha, ningeanza kwa kuwauliza wametumia balbu gani.

Mchana siku hizi siioni, nimeshaizoea kama ukuta. Jioni nikiiwasha ndiyo naitazama tena.

Anayetaka taa ya kusomea kitandani, ya kuwasha na kuzima huku amelala, hii si yake. Anayetaka kitu cha kona ya sebule ainunue, mradi plagi iko karibu. Naipa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja nimeikata kwa sababu ya waya. Kwa swichi nimeshindwa kukata kitu.