Watawa, Bomu na Patasi: Nimesoma A Canticle for Leibowitz Nikiwa Grogan

Nilikinunua kwenye inama ya Tom Mboya kwa shilingi 250, baada ya kuambiwa 400. Kwa asiye wa Nairobi: inama ni duka la vitabu lisilo na meza wala mlango. Vitabu vinatandazwa juu ya nailoni kando ya njia, nawe unainama kuchagua. Hiki kilikuwa katikati ya vitabu vya maombi, na muuzaji alipoona natazama mtawa aliyechorwa kwenye jalada akanihimiza, "Beba hicho, bosi, kitakujenga kiroho." Sikumbishia. Nilikuwa nimesikia kikisifiwa kuwa ndiyo riwaya inayoeleza vizuri zaidi jinsi ustaarabu unavyojiinua baada ya vita vya nyuklia. Kazi yangu ni kukereza vyuma Kirinyaga Road, ambayo sisi wa huko bado tunaiita Grogan. Nikataka kuona kama mwandishi anajua inavyokuwa kazi kukirudishia uhai kitu kilichokufa.

Anajua nusu. Ila hiyo nusu ameishika barabara.

Riwaya ilitoka 1959, na 1961 ikapata Hugo, tuzo ya hadithi za kubuni za sayansi. Mwandishi, Walter M. Miller, alikuwa Mmarekani aliyepanda ndege za mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia, na alishiriki katika kuibomoa abasia, yaani makao ya watawa, ya Monte Cassino kule Italia mwaka 1944. Baadaye akawa Mkatoliki. Kitabu kina sehemu tatu zilizoachana kwa karne kama sita hivi. Baada ya vita, walionusurika wanawageukia wasomi, wanawaua na kuchoma vitabu. Watawa katika jangwa la Marekani wanaficha na kunakili makaratasi yaliyobaki bila kuyaelewa. Mwaka 3174 wanawasha taa ya umeme. Mwaka 3781 kuna vyombo vya kwenda nyota nyingine, na mabomu yamerudi.

Hilo la kuwaua wasomi nilidhani ametia chumvi, mpaka nikakumbuka Kambodia ya 1975 hadi 1979. Huko mtu aliweza kuuawa kwa kushukiwa tu kwamba amesoma. Miller aliandika miaka mingi kabla ya hapo. Nampa alama zote.

Sehemu niliyoisoma mara mbili ni ile ya Bruda Francis. Anaokota mchoro wa ufundi, ile karatasi ya buluu yenye mistari myeupe, wa mtambo fulani wa umeme. Hajui ni wa nini, na hakuna aliye hai anayejua. Anatumia miaka 15 kuutengenezea nakala ya heshima, yenye rangi na dhahabu na mapambo pembeni kama kitabu cha misa. Akiwa njiani kuupeleka kwa Papa anakutana na majambazi. Wanachukua ile nakala iliyong'aa na kumwachia karatasi kuukuu, ambayo ndiyo ya kweli! Nilicheka peke yangu ndani ya matatu. Kisha nikanyamaza, maana nimeshaona wateja wakija na picha nzuri ya spea kwenye simu, na picha hiyo hainiambii lolote ninalotaka kujua.

Ndipo ninapoachana na Miller. Kwake elimu iko kwenye karatasi, na mtu akiitunza karatasi, siku moja atazaliwa mwerevu wa kuisoma. Aliyenifundisha mimi kazi hakujua kusoma. Mzee alikuwa akitia makali patasi za chuma hivi: anaipasha moto mpaka iwe nyekundu kama buni iliyoiva kwao Murang'a, anachovya ncha tu kwenye maji, anaitoa, anaisugua haraka kwa kipande cha jiwe la kinoo ili ing'ae. Halafu anatulia. Joto lililobaki nyuma linateremka kuelekea kwenye ncha, na rangi zinakimbia juu ya chuma: kwanza manjano ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau. Zambarau ikigusa makali, patasi yote majini. Ukiwahi, itavunjika kama biskuti. Ukichelewa, itajikunja. Alifanya hivyo kwenye kona yenye giza, kwa sababu juani rangi zinadanganya, na hilo hakunieleza hata siku moja. Nililitambua baada ya yeye kustaafu, nilipokuwa nimeshaharibu patasi nane, huku kitabu chenye jedwali la nyuzi joto kiko wazi mezani.

Kwa hiyo hoja yangu ni kwamba miaka 600 ya giza si ya kweli, na ule mwanga unaokuja baadaye pia si wa kweli kwa namna alivyouleta. Nenda Kamukunji uone pipa la mafuta likigeuka sanduku la shule, karai na jiko kabla ya saa sita mchana. Baada ya vita hivyo dunia itakuwa imejaa vyuma chakavu ambavyo vimeshayeyushwa na kusafishwa. Hakuna atakayehitaji kuchimba. Mafundi wa hivyo hawatangoja karne sita. Watakachokwama nacho ni vitu vidogo. Mimi naweza kukukerezea bushi ya shaba nyeupe, ile pete ambamo mhimili huzunguka, hata kesho, lakini siwezi kukutengenezea beringi ya gololi. Taa ya watawa inapata umeme kwa watu kuzungusha mtambo kwa nguvu zao, safi, lakini waulize wanaofunga mota upya hapa Grogan: bila waya wa shaba uliopakwa vanishi sawasawa, koili inaungua siku hiyo hiyo, nadharia uwe nayo au usiwe nayo. Dunia hiyo haitakuwa gizani moja kwa moja kisha kwenye mwanga. Itakuwa na majiko mazuri na redio zilizokufa.

Kuna wanaotaja Hiroshima kuonyesha kwamba watu hujiinua upesi. Bomu lilianguka tarehe 6 Agosti 1945, na tarehe 9 baadhi ya tramu zilikuwa zimeanza kutembea tena. Ni kweli, na ni jambo la kushangaza. Lakini Hiroshima ilikuwa na nchi nzima nyuma yake ya kuletea nyaya na mchele. Riwaya inahusu siku ambayo hakuna nyuma.

Malalamiko yangu makubwa ni tumbo. Watawa wa Miller wanafunga, wanasali, wananakili. Shamba silioni vizuri. Mwaka 2022 jarida la Nature Food lilichapisha hesabu za wanasayansi: vita vya Marekani na Urusi vinaweza kupeleka angani moshi wa kuziba jua kiasi cha kuua watu zaidi ya bilioni 5, wengi wao kwa njaa, wakiwemo wa nchi ambazo hazikupigwa hata bomu moja. Simlaumu Miller, maana habari za moshi huo zilianza kujadiliwa sana 1983. Ila msomaji wa leo akisoma kitabu hiki kama utabiri, ajue hapo pana shimo. Sisi tulionjeshwa mwaka huo huo wa 2022, vita vya kawaida kule Ukraine vilipofanya mfuko wa mbolea wa kilo 50 upite shilingi 6,000. Shamba la mama lilipandwa nusu.

Na wale viumbe walioharibika maumbo ndani ya riwaya, wanaozaliwa kizazi baada ya kizazi? Watoto waliotungwa mimba baada ya mabomu na wazazi walionusurika Hiroshima na Nagasaki wamefuatiliwa kwa miongo, na haijaonekana ongezeko la wazi la kasoro za kurithi. Hiyo ni chumvi ya zama zake.

Laiti mtu angeiandika kutokea hapa! Nevil Shute alijaribu nchi isiyopigwa bomu, Australia, katika On the Beach ya 1957, lakini akawaua wote kwa vumbi la mionzi linalosogea polepole kutoka kaskazini. Vumbi la mabomu ya kawaida ya nyuklia halingoji hivyo: muda ukizidi mara saba, ukali wake unashuka hadi sehemu ya kumi, kwa hiyo baada ya wiki mbili imebaki kama sehemu moja kwa elfu ya ule wa saa ya kwanza. Nairobi haitakufa hivyo. Maji ya bwawa letu la Ndakaini yatateremka yenyewe, mvuke wa Olkaria unaotupa umeme utaendelea kutoka ardhini, na sisi tutasimama mbele ya mtambo uliotoka Japani tukiulizana nani anaijua hiyo beringi. Riwaya hiyo ningeilipia bei ya dukani.

Kiingereza chake si cha kuogopesha, ila kuna Kilatini kingi. Rafiki yangu aliyepitia seminari ndiye aliyenisaidia. Sehemu ya kwanza ina ucheshi, ya pili ina mabishano marefu ya wakubwa ambayo niliyasoma nikipiga miayo, ya tatu ni nzito na inauma. Nakipa nyota nne kati ya tano.

Muuzaji simpi hata moja. Nakala yangu ilikatika kurasa 22 za mwisho, nilipomrudia akasema vitabu vya dini havirudishwi, na mwisho nikausoma kwenye simu. Kwa hiyo ukikiona kwenye inama usipite 250, na ufungue nyuma kwanza uhesabu kurasa kabla hujatoa pesa.